Fizi Zinazotoa Damu: Pale Seli Inaposhindwa Kumaliza Kujisafisha

Mwaka 1970 watafiti wakiongozwa na Harald Löe, daktari wa meno kutoka Norway, walianza kupima vinywa vya wanaume 480 waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Mdogo wao alikuwa na miaka 14, mkubwa 31. Hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, huduma ya meno hawakuijua, na meno yao yalikuwa yamejaa ukoga na ugaga. Watafiti waliwarudia mara kadhaa hadi mwaka 1985.

Ungetegemea wote waishie vibogoyo. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 hivi waliharibika kwa kasi ya kutisha: walipofika miaka 35, fizi na nyuzi zinazoshika jino zilikuwa zimeachana na mzizi kwa wastani wa milimita 9, na meno yakawa yanang'oka yenyewe. Asilimia 81 waliharibika polepole. Asilimia 11 waliobaki, wenye ukoga ule ule na ugaga ule ule, walikuwa wamepoteza chini ya milimita 1. Fizi zao zilikuwa nyekundu kidogo, meno imara.

Löe huyo huyo alikuwa amekwisha kuonyesha upande wa pili wa habari hii. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, yeye na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi safi, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 kila mmoja alikuwa na fizi zilizovimba na kutoa damu. Waliporudia mswaki, fizi zikapona. Basi uchafu ndio unaoanzisha, hilo halina ubishi. Lakini jinsi ugonjwa utakavyokwenda mbali, mpaka kuula mfupa wa taya, huko mwili wenyewe una kauli kubwa. Wavutaji sigara na wenye kisukari huumia zaidi, na kurithi nako kumo. Katika miaka 20 iliyopita watafiti wameongeza mhusika mwingine aliyekuwa amejificha ndani ya seli: autofaji, yaani uwezo wa seli kula vipande vyake yenyewe vilivyochakaa.

Mitandaoni habari hii imeshageuzwa biashara. Kuna sauti zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikisema ukifunga saa kadhaa mwili "unajila" na kumeza magonjwa yote, fizi zikiwemo. Kabla ya kufika huko, tuone kwanza kazi yenyewe inavyofanyika.

Ndani ya kila seli mna protini zilizojikunja vibaya, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizochoka, na wakati mwingine bakteria waliopenya. Seli ikiamua kuviondoa, huanza kutandaza utando mwembamba unaovizunguka, ukajifunga na kuwa kifuko chenye kuta mbili. Kifuko hicho husafiri mpaka kikutane na lisosomu, kijichumba chenye asidi na vimeng'enya vya kusaga karibu kila kitu. Viwili hivyo vikiungana, mzigo husagwa, na vipande vyake hurudishwa kwenye seli vikatumike upya. Seli ikiwa na chakula tele, protini moja iitwayo mTOR huizuia kazi hii. Chakula kikipungua, au seli ikipata msukosuko, mTOR hulegea na vifuko huanza kufumwa.

Jina autofaji lilitolewa mwaka 1963 na Mbelgiji Christian de Duve, mgunduzi wa lisosomu. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua ni jeni zipi zinaiendesha, mpaka Yoshinori Ohsumi wa Tokyo alipoitafuta kwenye hamira, hiyo hiyo ya kuumulia maandazi. Tatizo lake lilikuwa hili: vifuko husagwa haraka mno, huwezi kuviona. Akachukua hamira zilizokosa vimeng'enya vya kusaga, akazinyima chakula, akaziweka chini ya hadubini. Baada ya saa chache chumba cha kusagia cha kila seli kilikuwa kimejaa vijiduara vinavyochezacheza: vifuko vilivyofika lakini havikusagwa. Aliyachapisha hayo mwaka 1992, mwaka uliofuata akatoa orodha ya jeni 15 zinazohusika, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Naomba msomaji ashike jambo moja katika jaribio hilo, maana makala yote inalitegemea. Ohsumi aliona vifuko vingi si kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda vizuri, ila kwa sababu aliifunga mwishoni. Wingi wa vifuko na kukamilika kwa kazi ni mambo mawili tofauti. Mtu akikuambia autofaji ya mgonjwa fulani "imepanda", muulize kwanza: imepanda na kumalizika, au imekwama njiani?

Sasa twende ufizini.

Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mdogo. Kwa mtu mzima mwenye afya kina chake hakizidi milimita 3. Ukoga ukikaa hapo bila kuguswa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, ule mgumu wa njano au kahawia ambao mswaki hauutoi hata usugue vipi. Bakteria walio chini yake hutoa sumu, mwili hutuma seli nyeupe za damu, mishipa hutanuka, ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, unatoa damu. Uvimbe ukibaki hapo juu, unatibika ukasahaulika. Ukishuka, mfereji unakuwa mfuko wa milimita 4, 5, 7, nyuzi zinaachia, mfupa unapungua, jino linaanza kucheza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wana hali hii katika ngazi kali.

Miongoni mwa mamia ya bakteria wa kinywani, mmoja amechunguzwa kuliko wenzake: Porphyromonas gingivalis. Si lazima awe mwingi. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2011, idadi ndogo sana ya bakteria huyu ilitosha kuvuruga jamii nzima ya bakteria wa kinywani na kusababisha mfupa kuliwa. Lakini alipowekwa peke yake kwa panya wasio na bakteria wengine, mfupa haukuguswa. Anafanya kazi ya uchochezi, wengine wanaharibu. Tena anahitaji chuma kinachotoka kwenye damu, na protini zilizokatwakatwa ndizo chakula chake. Kwa hiyo ufizi uliovimba na kutoa damu, kwetu sisi ni ugonjwa, kwake ni shibe.

Seli za ufizi zikimkuta bakteria ndani yao, autofaji ni mojawapo ya silaha zao. Humfunga kwenye kifuko na kumpeleka akasagwe. Kwa bakteria wengi huo ndio mwisho wao. P. gingivalis amejifunza kitu kingine. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, waliangalia seli za ukuta wa mishipa ya moyo zilizoingiliwa na bakteria huyu, wakamkuta ametulia ndani ya vifuko vya autofaji, mzima, huku vifuko vyenyewe vikichelewa kuungana na lisosomu. Amekaa kama mwizi aliyejificha ndani ya gari la taka, akiwa na hakika kwamba gari hilo halifiki dampo. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba walipoizuia autofaji kwa dawa, bakteria alikosa maficho, akapelekwa moja kwa moja kwenye lisosomu na kufa. Tabia inayofanana na hiyo imeonekana baadaye kwenye seli za ufizi wenyewe.

Kwa maneno mengine, kuichochea autofaji katika seli ambayo tayari ina P. gingivalis huenda kukawa ni kumwongezea vyumba. Wauza virutubisho hawalitaji hilo.

Lakini tusikimbilie kuilaumu, kwani kuna upande ambao bila autofaji ufizi ungekuwa taabani. Mitokondria ikichakaa huvujisha chembe za oksijeni zenye ukali, na hizo huwasha mtambo wa seli unaotengeneza intalukini-1 beta, kemikali ya kuchochea uvimbe. Kemikali hii ndiyo iliyowahi kuitwa kichochezi cha seli zinazokula mfupa, kabla haijajulikana kwamba ni ile ile. Autofaji huondoa mitokondria mbovu kabla hazijafika kuvuja. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha kwamba makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) za panya zilizokosa jeni moja ya autofaji, zikiguswa na sumu ya ukuta wa bakteria, humwaga intalukini-1 beta kwa wingi usio wa kawaida. Sumu ya aina hiyo ndiyo inayojaa kwenye mfuko wa ufizi mgonjwa, saa 24 kwa siku.

Kwa binadamu, kazi inayotajwa sana ilitoka Seville, Hispania, mwaka 2012. Watafiti walichukua damu ya watu wenye ugonjwa wa fizi, wakakuta katika seli zao nyeupe jeni za autofaji zimeamka kuliko kawaida, na chembe kali za oksijeni kutoka kwenye mitokondria nazo zimepanda. Vyote viwili vilikwenda sambamba. Kisha wakazimwagia seli za ufizi sumu ya P. gingivalis maabara. Autofaji ikapanda. Walipopunguza chembe kali, ikashuka. Walipoizuia autofaji yenyewe, seli zikafa kwa wingi zaidi. Maana yake kupanda kule hakukuwa ugonjwa, kulikuwa kujiokoa. Seli zinazozaa upya nyuzi za kushika jino nazo zimeonyesha tabia hiyo hiyo: katikati ya uvimbe huongeza autofaji ili zisife.

Hapa panahitaji tahadhari ya kipimo, na ndipo klorokwini inapoingia. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 tunaikumbuka kwa uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima. Tanzania Bara iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwenye maabara za autofaji bado ina heshima kubwa. Hupunguza asidi ya lisosomu na kuziba hatua ya mwisho. Ukitaka kujua kama vifuko vingi unavyoviona ni dalili ya kazi nyingi au ya foleni, weka klorokwini. Vikiongezeka, njia ilikuwa wazi na kazi ilikuwa ikiendelea. Sasa umeifunga ndiyo maana vimerundikana. Visipoongezeka, njia ilikuwa imeziba tangu mwanzo. Utafiti unaokata kipande cha ufizi wa mgonjwa, ukapaka rangi ya kuonyesha vifuko na kutangaza kwamba "autofaji imepanda" bila kipimo kama hicho, umeeleza nusu ya habari. Nusu hiyo ndiyo inayosambaa zaidi.

Yupo mgonjwa anayeonyesha nusu ya pili kwa uwazi kuliko maabara yoyote. Mwaka 1924 madaktari wawili wa Ufaransa, Papillon na Lefèvre, walieleza ugonjwa wa kurithi ambao mtoto ngozi ya viganja na nyayo inakuwa nene na ngumu, na fizi zinawaka mara tu meno ya utotoni yanapoota. Meno hayo huanguka yote akiwa na miaka minne au mitano. Fizi zinatulia. Meno ya ukubwani yanapoota, moto unarudi, na wengi wanabaki bila meno kabla ya kutimiza miaka 20. Ugonjwa huu ni adimu sana, mtu mmoja hadi wanne kwa kila milioni. Mwaka 1999 chanzo kikajulikana: jeni ya kathepsini C imeharibika. Kathepsini C ni kimeng'enya, na makazi yake ni lisosomu.

Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba bila kimeng'enya hicho seli nyeupe zinakosa makali ya kuua bakteria. Hilo ni kweli. Ila kundi la Seville lilipozichunguza seli za wagonjwa hawa, likachapisha mwaka 2018 kwamba autofaji yao nayo imekwama kwenye lisosomu, na kwamba kuzipa seli hizo kathepsini C iliyotengenezwa maabara kulizifungulia njia. Vifuko walikuwa navyo. Kilichokosekana ni mahali pa kumalizia. Kwangu mimi huu ndio ushahidi unaosadikisha kuliko wote, kwa kuwa kosa liko hatua moja, linajulikana, na mdomo wa mtoto unaonyesha matokeo yake bila kuhitaji hadubini.

Mfupa nao una mkanganyiko wake. Seli zinazokula mfupa hujibandika juu yake, zikakunja utando wao kuwa mikunjo mingi, na kupitia mikunjo hiyo zikamwaga asidi. Mwaka 2011 ilionekana kwamba protini za autofaji ndizo zinazosaidia kuitengeneza mikunjo hiyo. Panya waliokosa protini hizo kwenye seli za kula mfupa walipoteza mfupa mchache kuliko wenzao. Upande wa pili, seli zinazojenga mfupa zinaihitaji autofaji zisichoke mapema. Ukiipandisha mwili mzima kwa dawa, umewapa nguvu mbomoaji na mjenzi kwa pamoja, na nani atashinda inategemea hali ya ufizi siku hiyo.

Ndiyo maana majaribio ya rapamaisini yanavutia na kutia wasiwasi kwa wakati mmoja. Dawa hii ilitokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964. Huizuia mTOR, na hivyo kuiamsha autofaji. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwapa panya wazee dawa hiyo kwa wiki 8. Uvimbe wa fizi ulipungua, mfupa wa taya uliokuwa umeliwa ukarudi kwa kiasi, na mchanganyiko wa bakteria kinywani ukasogea kufanana na wa panya vijana. Matokeo mazuri kabisa. Lakini dawa za jamii hii zinatumika kwa binadamu tayari, kwa waliopandikizwa figo na kwa baadhi ya saratani, na mojawapo ya madhara yake ya kawaida ni vidonda vya mdomoni, vyenye maumivu hata kumfanya mgonjwa ashindwe kula. Pia rapamaisini hushusha kinga, kwa hiyo kupungua kwa uvimbe kunaweza kutokana na hilo na si autofaji peke yake. Asije mtu akakuuzia vidonge vyake kwa ajili ya fizi.

Tumalizie na kufunga. Kwamba njaa huamsha autofaji, ni kweli. Hamira za Ohsumi zilionyesha hivyo. Lakini panya wa maabara akinyimwa chakula usiku kucha hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, jambo ambalo mtu anayekula daku na kufuturu halimpati. Saa za panya hazihamishiki kwa binadamu kwa kuzihesabu tu. Kubwa zaidi, autofaji inafanya kazi ndani ya seli, na ugaga uko nje, umeng'ang'ania jino. Hakuna njaa itakayoumeng'enya. Mtu anaweza kufunga Ramadhani yote na sita za Shawwal juu yake, ugaga ukabaki pale pale na bakteria wakaendelea kula damu ya ufizi.

Chakula chenyewe kina nafasi, sikatai. Huko Uswisi watu 10 waliwahi kukaa wiki 4 wakiishi kwa vyakula vya enzi za mawe, bila sukari ya dukani, bila mswaki. Ukoga uliongezeka, lakini sehemu za fizi zilizotoa damu zilipoguswa zilishuka kutoka karibu asilimia 35 hadi 13. Ukilinganisha na wale 12 wa Aarhus, ambao walikula kama kawaida yao, utaona sukari na vyakula vilivyokobolewa vinachangia kuupa uvimbe nguvu. Kwa anayejaribu kuchagua kati ya kuruka mlo na kuacha soda, jibu langu ni soda.

Kliniki mambo ni ya kawaida kabisa. Daktari huingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita pembeni mwa kila jino, anasoma kina, anaangalia kama damu inatoka. Hukwangua ugaga juu na chini ya ufizi, humwonyesha mgonjwa namna ya kupita kati ya jino na jino, na kumwita tena baada ya wiki kadhaa apime upya. Anayevuta sigara huambiwa ukweli mmoja unaowashtua wengi: fizi zake hazitoi damu nyingi kwa sababu tumbaku inabana mishipa, hivyo ugonjwa unaweza kuwa umefika mbali kimya kimya. Na mwenye kisukari ana sababu ya ziada ya kukaa kwenye kiti hicho. Majaribio mengi yaliyojumlishwa yanaonyesha kwamba miezi 3 hadi 4 baada ya fizi zake kusafishwa, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu hushuka kwa wastani wa pointi 0.4 hivi za asilimia.